Mtoto Aliyefundishwa Kutazama Chini

Kilichotangulia ni harufu. Kabla ya mwalimu yeyote, kabla ya neno "mzito" na maneno mengine niliyokuja kuyachukia, kulikuwa na harufu kwenye mto wa binti yangu kila asubuhi. Mama anayeuguza sikio ataijua bila kuelezwa. Unafua foronya, unaanika, jioni unauvalisha mto, asubuhi harufu imerudi. Naandika kwa ajili ya mama huyo, na baba pia kama ana subira ya kusoma, kwa sababu mimi nilipokuwa nazunguka kati ya mabenchi ya hospitali na veranda za shule sikuwa na mtu wa kuniambia nini kinafuata nini. Sasa masikio ya binti yangu Kokugonza yamekauka, na mimi nimetulia kiasi cha kuweza kusimulia bila kutukana.

Tulikuwa tunaishi Buganguzi, Muleba, kwenye kibanja cha ukoo wa mume wangu. Migomba, mibuni chini ya migomba, na nyumba ya mama mkwe ikitazamana na yetu. Mimi ni fundi cherehani. Nilishonea chumba cha mbele. Koku, ndivyo tunavyomwita, alipata surua akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Kijiji kizima kilikuwa nje kikikamata na kucheka, mimi niko ndani na mtoto anayewaka homa. Surua ikapita, masikio yakaanza kutoa usaha.

Zahanati wakatupa dawa ya matone. Usaha ukakoma, kisha ukarudi. Wakatupa matone tena. Majirani nao walikuwa na matone yao: maji ya kitunguu, mafuta ya uvuguvugu, utomvu wa jani fulani ambalo hadi leo sijaambiwa jina lake. Mengine niliyakataa, mengine nilikuta yameshatiwa nilipotoka kisimani. Hakuna aliyeniambia kwamba sikio linalotoa usaha mwaka hadi mwaka linapoteza pia usikivu kidogo kidogo. Kwenye mambo ya kitabibu nitaishia hapo, daktari wenu atawaeleza vizuri kuliko mimi.

Koku alipoanza kukimbiakimbia na kuongea, alikuwa na tabia moja. Alitazama watu mdomoni. Ukizungumza naye anakuja mbele yako, anakukazia macho chini ya pua, hapepesi. Mahali pengine watu wangecheka tu. Kwetu Wahaya mtoto wa kike hamtazami mkubwa namna hiyo. Anapiga magoti, anaamkia, macho chini, na anabaki hivyo mpaka aulizwe, na hata akijibu anajibu akitazama chini. Mama mkwe wangu ni mtu wa adabu hizo za zamani, lakini si mkali. Sijawahi kumwona akimpiga mtoto. Alimrekebisha Koku kwa uvumilivu. Kila mtoto alipoinua macho, bibi alimwekea kiganja juu ya kichwa na kukiinamisha polepole, kwa Kihaya chake cha kubembeleza.

"Chini, waitu. Macho chini, mwana wange."

Mtoto akaelewa. Mpaka anaanza shule, hakuna binti pale kijijini aliyepiga magoti vizuri kama Koku. Wageni walimsifu, shangazi zake wakamsifu, paroko akamsifu, nami nilitembea nimenyoosha shingo. Alikuwa amejitafutia mwenyewe njia ya kutusikia, na sisi tukaifunga kwa upendo wote.

Darasa la kwanza alisoma palepale kijijini. Mwalimu wake, nitamwita Mwalimu Novatus, alikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na simlaumu kwa hilo. Alifundisha akiwa ameelekea ubaoni. Akigeuka, Koku akimtazama mdomoni, anaambiwa aache kukodoa macho kama mtu mzima. Akiyainamisha, hasikii kitu. Mwisho wa mwaka niliitwa. Mwalimu alinikaribisha kiti, akaniambia kwa upole kwamba mtoto ni mzito, afadhali akariri darasa. Nikamuuliza vipi kuhusu masikio, maana hata yeye alikuwa anaisikia ile harufu. Akasema masikio ni kazi ya zahanati, yeye ni mtu wa darasa. Nikaenda zahanati nikaeleza habari za darasa. Muuguzi akasema hayo ni ya mwalimu. Hasira yangu ilizaliwa siku hiyo, njiani kati ya zahanati na shule, na haijafa.

Koku akakariri. Mwaka wa pili haukuwa na tofauti na wa kwanza, ila sasa aliwazidi wenzake kimo, nao wakaona wampe jina. Sitaliandika.

Wakati wa kuvuna kahawa nikasema nakwenda Bukoba mjini, kwa sababu niliambiwa kuna daktari wa masikio. Hapo nyumba ikagawanyika. Baba Koku si mtu mbaya, na amenipa ruhusa ya kuyaandika haya. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutafuta neno la kumaliza mazungumzo. Aliniambia mtoto ameshaonekana alivyo, tumpokee. Akilima atakula. "Kibanja hakiulizi mtu amesoma mpaka darasa la ngapi," alisema. Mama mkwe yeye hakusema kitu mbele yangu. Nilisikia baadaye kwamba amewaambia majirani mke wa mwanawe amepata kisingizio cha kwenda kukaa mjini.

Nikaondoka na mtoto, cherehani ikafuata nyuma ya bodaboda ya pili imefungwa kwa kamba za mpira. Tulifikia kwa mdogo wangu Adventina, mtaa wa Kashai, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka. Cherehani ikakaa kwenye veranda yake, nami nikaanza kushona kwa wateja wa mjini wanaotaka nguo jana.

Kliniki ya masikio ilikuwa na siku yake. Ukifika siku hiyo, unaweza kukuta daktari yupo, au yupo semina, au yupo chumba cha upasuaji na atakuja. Tulikaa kwenye benchi la mbao lililong'aa kwa makalio ya watu. Nililijua benchi lile kuliko kitanda cha Adventina. Kulikuwa na mama mmoja wa Hamugembe, naye ana mtoto wa sikio, tukawa tunashikiana nafasi. Mmoja akienda kujisaidia, mwenzake anaweka kanga yake pale. Siku nyingine alikuja na ndizi za kuchoma kwenye kitambaa akampa Koku ya kwanza kabla ya kumpa wa kwake. Mambo madogo kama hayo ndiyo yaliyonirudisha pale wiki iliyofuata, maana kwa daktari peke yake nisingerudi.

Daktari alipopatikana alikuwa mzuri. Alichungulia kwa taa, akasema ngoma ya sikio la kushoto imetoboka vibaya, ya kulia ina tundu dogo. Nikamwomba apime kama mtoto anasikia. Akasema kipimo hakifanyiki kwenye sikio linalovuja, kwanza yakauke. Pamba asubuhi na jioni, dawa, na maji yasiingie kabisa, asinyeshewe. Nilimtazama. Kumwambia mtu wa Bukoba mtoto wake asinyeshewe! Mvua yetu haiombi ruhusa. Inatoka ziwani saa yoyote inayotaka. Nilimshonea Koku kofia mbili za nailoni zenye masikio ya kufunga kidevuni. Watoto wa Kashai wakafurahi sana kumwona, wakapata la kuimba.

Shuleni napo nilimwandikisha, darasa la kwanza tena, shule moja ya mjini yenye kitengo cha elimu maalumu. Mwalimu mkuu akaniambia kila mwaka inakuja timu ya upimaji, inawatazama watoto wenye shida, inasema huyu ana ulemavu gani na asome wapi. Nilifurahi mpaka nikamnunulia Adventina soda. Nilidhani hatimaye atakuja mtu ambaye kazi yake ni kuona. Tukasubiri muhula mmoja. Tukasubiri mwingine. Timu ilikuja katikati ya masika, barabara zote tope.

Walikaa watatu nyuma ya meza katika ofisi ya mwalimu mkuu. Wa katikati, mkubwa wao, alikuwa mzee mwenye miwani, Mhaya mwenzetu. Mimi niliambiwa nikae mlangoni na nisimsaidie mtoto. Koku akaingia, akapiga magoti kwenye saruji, akaamkia, akainamisha macho, kama alivyofundishwa. Mzee akatabasamu, akawaambia wenzake huyu amelelewa. Kisha akamuuliza jina lake. Kimya. Akamuuliza ana miaka mingapi. Kimya. Akamwambia achukue kitabu akiweke kwenye kiti. Koku hakuinuka. Wakamuuliza kwa Kiswahili, wakamuuliza kwa Kihaya, wakampa karatasi ya maumbo akapanga mawili matatu, lakini hakujua wanataka nini apange. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilifungua mdomo, mmoja wao akaniinulia kidole.

Nilisema anaumwa masikio. Nilisema mara mbili. Wakanijibu kwamba wameona, wataandika kwamba aendelee na matibabu. Kuhusu kipimo cha kusikia, kifaa chao kilikuwa kimepelekwa matengenezo. Walimsifu mtoto kwa adabu, kisha wakaandika kwamba ana ulemavu wa akili.

Kitengo alichohamishiwa kilikuwa chumba cha mwisho, karibu na vyoo. Mle walikuwa watoto wa kila namna na mwalimu mmoja, Mwalimu Leokadia, ambaye alikuwa anamvalisha huyu huku anamwokota yule. Alimpenda Koku kwa sababu Koku hakumsumbua. Akawa anamtuma maji, anamtuma chaki, anamwonyesha kwa mkono na Koku anakwenda. Baada ya muda Koku akaja nyumbani anasugua sakafu ya Adventina bila kuambiwa. Herufi alizokuwa amezishika kwa shida akaanza kuziacha. Nilikwenda kumuuliza mwalimu. Aliniambia, na namshukuru kwa ukweli wake, kwamba yeye hupokea anayeletewa.

Nilikaa na lile neno la "akili" kama mtu aliyemeza mfupa. Usiku kitandani nilikuwa nabishana kichwani na mzee wa miwani, na asubuhi nilikuwa nimeshindwa. Maana nilianza kuamini. Nawaambieni wazi, mkisikia jambo kutoka kwa watu watatu wenye mihuri, hata damu yenu wenyewe mtaanza kuitazama kwa jicho lingine. Baba Koku alipiga simu akasema basi, umepata jibu ulilolifuata, rudini nyumbani. Nilisema nimalize kazi ya Komunyo nitarudi.

Kazi ya Komunyo ndiyo iliyotuokoa. Kila mwaka kabla ya watoto kupokea Komunyo ya Kwanza, fundi wa Bukoba halali. Magauni meupe yanarundikana mpaka darini. Nilikuwa veranda nimeshika gauni la mteja, pini zote ziko mdomoni, nimezibana kwa midomo. Koku alikuwa ameketi mbele yangu ananishikia upindo. Nikamwambia, kwa ule mnong'ono wetu mafundi, anipe mkasi. Hakutikisika. Nikarudia. Akaniinulia macho, akanitazama mdomoni kama alivyokuwa zamani kabla hajakatazwa, uso umemkunjamana.

"Mama, toa pini," alisema. "Toa pini nikusikie."

Nikazitoa. Sikusema kwa sauti. Nilipiga midomo tu, bila sauti yoyote, kama mtu anayesali. Mkasi. Akanipa mkasi. Chaki. Akanipa chaki. Nikageuka nikampa mgongo, nikaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Hakuna. Nikaita kwa sauti kubwa. Adventina akatoka ndani kuuliza kuna nini, jirani akachungulia dirishani. Koku alikuwa amekaa palepale anachezea uzi.

Nililia nikiwa nimempa mgongo, kwa hiyo hakujua. Nililia kwa furaha kwanza, kisha kwa hasira, na hasira ikakaa zaidi. Mtoto alikuwa amejua siku zote. Hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake nikaenda kwa Mwalimu Leokadia nikamwonyesha. Alisimama nyuma ya Koku akamwita, akaenda mbele akamwita. Akasema jambo hili lina njia yake: mtoto hawezi kutolewa kitengo mpaka timu ije tena, na timu ikija itataka karatasi ya hospitali inayosema anasikia kiasi gani. Nikaenda hospitali. Wakasema kipimo kikamilifu kinataka barua ya shule. Nikarudi shule. Mwalimu mkuu akasema barua hutolewa baada ya timu kupendekeza. Nikamuuliza timu itapendekezaje bila kipimo. Akasema, "Mama, utaratibu siuweki mimi." Nilitembea kutoka pale mpaka Kashai kwa miguu, maana nilijua nikipanda bodaboda nitamgombeza kijana wa watu bure.

Mwishowe barua aliiandika Mwalimu Leokadia, kwa mkono, akaipeleka mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akasimama mbele ya meza mpaka ikapigwa muhuri. Sikumwomba. Ndiyo maana nasema rehema zipo, ila zimetawanyika.

Kiangazi kilipofika masikio yalikauka. Sijui ilikuwa dawa, pamba, zile kofia au ukosefu wa mvua. Asubuhi moja nikanusa foronya, nikanusa tena, nikampa Adventina anuse. Ilikuwa inanuka sabuni tu. Tulikaa kitandani tumeishika ile foronya mimi na mdogo wangu, tunacheka. Tukarudi hospitali. Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kimya, Koku akavalishwa vidude vya masikioni akaambiwa ainue mkono kila akisikia. Nilimwona kupitia kioo. Mkono ulikaa pajani muda mrefu sana. Ulipoinuka, yule mpimaji alinitazama, kisha akaandika. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kazi yake. La kulia lilisikia sauti kubwa tu. Daktari alisema tungewahi, la kulia lingekuwa zima. Alisema pia shimesikio litasaidia, kile kifaa cha kuvaa sikioni, na kwamba tutawekwa kwenye orodha. Hadi naandika, tuko kwenye orodha.

Timu haikuja mpaka masika mengine. Miezi yote hiyo Koku aliendelea kubeba maji ya kitengo, akili yake timamu, karatasi ya hospitali iko kwenye mkoba wangu. Lakini nilikuwa na kazi ya kufanya. Nilitakiwa kumfundisha kuinua macho.

Hakuna lililokuwa gumu kama hilo, si pamba, si benchi. Nilimkalisha veranda, wateja wakija namwambia amtazame mama huyu mdomoni, amjibu. Anatazama mara moja, kisha shingo inainama yenyewe. Mwanaume mkubwa akija, ndiyo kabisa. Siku moja alilia akasema bibi atakasirika. Na bibi alikasirika kweli, maana Baba Koku alikuwa amemweleza. Alinipigia akasema maneno machache tu, nami yaliniuma. Alisema huko mjini namfundisha mjukuu wake ufidhuli, na binti asiye na haya hata asikie vipi hataolewa na mtu. Nilijibu "ndiyo, mama," nikakata simu, nikaendelea kumfundisha.

Siku ya timu ilinyesha tena. Ofisi ileile, meza ileile, mzee wa miwani katikati. Koku akaingia, na kabla sijasema lolote magoti yake yakagusa saruji, macho yakaenda chini. Kazi yote ya veranda ikapotea pale. Mzee akatabasamu kama mwaka uliopita. Akauliza jina. Kimya. Nikaona kalamu inagusa karatasi.

Nikainuka mlangoni. Yule wa kidole akainua kidole, nikapita. Sikuwa na ujasiri wowote, nikapiga magoti kando ya mtoto.

"Mzee wangu, shikamoo," nilisema. "Naomba ruhusa mwanangu akukosee adabu."

Akaniuliza nina maana gani. Nikamwambia mtoto huyu anasikia kwa macho, na macho yake tumeyafunga sisi, kwa heshima yako wewe na ya wazee wengine. Nikamwambia akubali kutazamwa. Halafu akavua miwani, akaiweka mezani, akaja mbele ya meza, akaketi kwenye ukingo wake. Nikamwinua Koku kidevu kwa mkono wangu.

Akamuuliza jina. "Kokugonza." Akamuuliza baba yake anafanya kazi gani. "Analima kahawa, Buganguzi." Akamwambia achukue kitabu akiweke kwenye kiti, Koku akakiweka, na kwa kuwa kiti kilikuwa na vumbi akakifuta kwanza. Akamuuliza akiwa na machungwa matano akimpa bibi mawili atabaki na mangapi. Koku akasema hatabaki na kitu, bibi atataka yote. Wale wawili wakacheka. Kisha mzee akachukua faili, akajifunika mdomo, akauliza tena jina. Koku akalitazama faili. Akasubiri. Akanigeukia mimi, kunionyesha kwamba mzee amejifunika.

Mzee alishusha faili. Akaniuliza kwa sauti ndogo mwaka jana walimuuliza nini huyu mtoto. Nikasema yaleyale. Hakuomba radhi, nami nilikuwa naisubiri, nitasema ukweli. Mpaka leo nikipita ile ofisi bado naisubiri. Alisema taarifa mpya itaandikwa. Ilichukua muhula mzima kufika. Koku alirudishwa darasa la kwanza kwa mara ya nne, akiwa mrefu kuliko kiranja, akawekwa benchi la mbele. Mwalimu wake mpya anakumbuka kumgeukia, kisha anasahau, kisha anakumbuka. Anasoma. Polepole, lakini anasoma, na neno "akili" limetoka kwenye jina lake.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usisubiri timu. Simama nyuma ya mwanao umwite. Ziba mdomo umwite. Fanya hivyo leo kabla ya chakula. Na ukiambiwa masikio ni ya zahanati, keti palepale kwenye kiti cha mwalimu usiinuke.

Desemba tulirudi Buganguzi kwa likizo. Senene walikuwa wameanza kutua. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba anawachambua na kuwanyonyoa mbawa, bakuli mapajani. Hatukuwa tumeongea tangu ile simu. Koku akamkimbilia, na alipofika akapiga magoti. Nilimwona anafikiri. Macho yakapanda kidogo, yakaona ni bibi, yakashuka kabisa. Kwa bibi yake hakuweza.

Bibi akamwitikia. Akamuuliza habari ya mjini. Koku hakujibu. Akamuuliza tena, kwa sauti zaidi, na mtoto akabaki na macho kwenye mchanga, mikono imeshikana, adabu yote imekamilika. Bibi akapeleka kiganja juu ya kichwa chake, palepale alipokuwa akikiweka zamani. Hakukiinamisha wala hakukiinua. Akakaa hivyo. Kisha akaweka bakuli pembeni, akashika ukuta, akaanza kuteremka kutoka kwenye kigoda, yule mwanamke mwenye magoti mabovu ambaye hata kanisani husali amekaa. Akaketi chini kabisa, akajikunja mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mtoto.

"Waitu, waniona?" alimuuliza.

Koku akaona mdomo, akacheka, akajibu. Akaeleza habari ya mjini, ya kofia, ya shule, macho yake yakiwa chini muda wote. Ilitubidi mimi na Baba Koku tumwinue mama kutoka pale, mmoja kila upande, na likizo nzima, kila asubuhi na kila jioni, tulikuwa tunamwinua.